Sikio la Brynjar

Laugholt, 21 Septemba 1971

Baba mpendwa,

Nimeichana barua hii mara mbili. Hii ya tatu nitaituma hata kama ina makosa.

Leo wakati wa chakula cha mchana hapa shuleni Hrefna, msichana wa shamba lililo jirani na la Babu, alipata barua kutoka kwa mama yake, akaisoma kwa sauti meza nzima ikisikia. Mama yake ameandika kwamba siku ya kuwatenganisha kondoo, pale kwenye zizi kuu, Babu Asmundur alimkata Brynjar Loftsson sikio kwa kisu cha kutilia kondoo alama masikioni. Wote walicheka. Msichana mmoja alicheka mpaka maziwa yakamtoka puani. Mimi kijiko kilinitoka mkononi kikaingia kwenye supu ya mwenzangu.

Hrefna akaniuliza, "Sunneva, huyo si babu yako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi uwe mwangalifu ukienda kumsalimia, funga kilemba." Wakacheka tena.

Ni kweli, Baba? Alipigana naye? Babu hajawahi kunipiga hata kofi. Hata dume lile la kondoo lililomvunja mbavu alilisamehe. Huu ni mwaka wangu wa kwanza kukosa siku ya zizi tangu nilipojua kutembea, na hili ndilo lililotokea.

Nilitaka kukupigia simu, lakini unajua simu ya kwetu: waya mmoja, mashamba kumi na moja, na kila mtu ananyanyua chombo kusikiliza. Kwa hiyo nakuandikia. Tafadhali niambie kila kitu, hata kibaya. Mwalimu anasema hajawahi kuona polisi mwanamke katika nchi hii, lakini mimi bado nataka kuwa polisi, kwa hiyo lazima nizoee.

Binti yako,
Sunneva


Eyravik, 25 Septemba 1971

Mwanangu Sunneva,

Ni kweli. Kama umesimama, keti.

Ilikuwa hivi. Mvua ya theluji ilianza asubuhi, ile inayokupiga ubavuni. Kondoo walikuwa wameshashushwa kutoka mlimani na watu walikuwa wakiwaburuta kwa pembe, kila shamba likijaza kijizizi chake. Brynjar alikuwa amelewa tangu kifungua kinywa. Baridi ilipomzidi, aliruka ukuta wa mawe akaingia kijizizi cha Babu yako, akajilaza katikati ya wanakondoo na kujifunika gunia. Unalijua lile sweta lake la sufu ya kijivu isiyotiwa rangi. Wanakondoo wenyewe hawakumshangaa.

Babu yako alikuwa na wanakondoo wachache waliozaliwa mlimani na hawajawahi kutiwa alama. Alitia alama watatu. Wa nne alikuwa Brynjar.

Nilisikia yowe nikiwa upande wa pili. Nilipofika, Brynjar alikuwa ameshika kichwa, damu inapita kati ya vidole, na Babu yako amesimama juu yake na kisu, uso umejaa mshangao. Akaniambia, "Ketill, huyu mwanakondoo ananuka pombe."

Nimevaa sare hii miaka kumi na tisa. Nimemkamata dume la kondoo kanisani katikati ya ubatizo. Nimekwama kwenye theluji kwa muda wa saa sita ndani ya gari na maiti ya nahodha, na nilipomwona hana kofia nikamvisha yangu asipate baridi, kisha nikajishangaa. Nilidhani nimeshaona yote. Lakini sijawahi kupiga magoti kwenye matope kutafuta kipande cha sikio la mtu kati ya vipande vya masikio ya kondoo.

Daktari alisema, "Kitafute, Ketill, nitakishona." Tukapata vipande vinne. Tukaviosha kwenye kikombe cha kahawa. Viwili vilikuwa na sufu, tukavitupa. Viwili vilivyobaki vilifanana kama mapacha. Daktari akajaribisha kimoja kwenye sikio la Brynjar, akarudi nyuma hatua moja kukitazama, akasema, "Hapana, hiki si chake." Tukageuka kuchukua kile kingine. Mbwa wa mchungaji alikuwa anajilamba midomo.

Kwa hiyo ushahidi umeliwa. Nimeandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Mkuu wa wilaya alinipigia simu kuuliza kama nimelewa, na kabla sijajibu, sauti ya mwanamke kwenye waya ikasema, "Hajalewa, mheshimiwa, hata mimi nilimwona yule mbwa."

Mkuu wa wilaya ni mtu wa mjini. Ilibidi nimweleze kwamba kila shamba lina alama yake iliyoandikwa kitabuni, na kwamba mnyama yeyote anayekutwa zizini na alama yako ni wako. Hapo ndipo watu walipopata mchezo. "Asmundur, hongera, umepata dume!" "Atakula nyasi kiasi gani huyu hadi masika?" Mama yake Brynjar alikuwepo, anamkaushia mwanawe damu kwa aproni, akasema, "Mchukue tu, Asmundur. Mimi nimemlisha miaka ishirini na sita, zamu yako sasa."

Nilicheka, Sunneva. Sitakuficha. Tulicheka wote isipokuwa Babu yako.

Sasa lililo zito. Baraza la kata linauliza: mzee asiyeweza kumtofautisha mtu na mwanakondoo, atalishaje kondoo sitini peke yake majira yote ya baridi? Lori la mwisho la machinjio linaondoka tarehe 16 Oktoba. Wakiamua kwamba haoni, kundi lote litapanda lori hilo, na yeye atapelekwa nyumba ya wazee mjini. Daktari alitaka kumpima macho. Babu yako alimfungia mlango.

Ninakuuliza kama baba yako. Ulikaa naye kule shambani Skardsel kiangazi chote. Macho yake yakoje?

Baba yako,
Ketill


Laugholt, 29 Septemba 1971

Baba mpendwa,

Asante kwa kuniambia yote. Nilisoma sehemu ya yule mbwa nikiwa maktaba, na sikujua kama nilie au nicheke, nikaishia kukohoa.

Macho ya Babu ni mazuri. Kiangazi chote alikuwa anasoma gazeti kila asubuhi baada ya kahawa, hata matangazo ya vifo, na alikuwa anabishana na yaliyoandikwa. Alishona mwenyewe kifungo cha koti. Kwa hiyo tafadhali waambie baraza kwamba hakuna sababu ya lori.

Tena kuna jambo ambalo watu wanaocheka hawalijui. Babu hatii alama kwa macho. Anatia kwa vidole. Huwa analishika sikio kwanza, analipapasa mpaka kwenye shina, na anaweza kukuambia mwanakondoo huyu ni mtoto wa nani kwa unene wa sikio tu. Nilimwona akifanya hivyo mamia ya mara. Mtu aliyesoma masikio kwa vidole miaka sitini hawezi kulishika sikio la binadamu akadhani ni la kondoo. Haiwezekani kabisa. Kwa hiyo si kweli kwamba amezeeka akachanganyikiwa, na unaweza kuiandika hoja hii kwenye ripoti. Nimeipitia mara tatu na sioni kasoro.

Usimruhusu mtu yeyote ampeleke mjini. Atakufa huko, Baba. Hata mlango wa mbele wa nyumba ile una ngazi za zege badala ya nyasi.

Binti yako anayekutumaini,
Sunneva


Eyravik, 3 Oktoba 1971

Sunneva,

Barua yako ilifika Ijumaa. Niliisoma nimesimama, kisha nikaketi kwenye ngazi za ofisi bila kofia, na watu wakaniuliza kama kuna aliyekufa.

Hoja yako haina kasoro. Hapo ndipo taabu ilipo. Kama macho yake ni mazima, na kama vidole vyake haviwezi kukosea, basi alijua anamkata nani. Basi si ajali, mwanangu. Ni shambulio la kisu kwa makusudi, na kwa hilo watu hufungwa.

Mimi nilikuwa nimeshaandika neno "ajali" kwenye ripoti. Nilikuwa nasubiri wino ukauke.

Sikuweza kujifanya sijaisoma. Nilikwenda Skardsel siku ile ile. Nilimkuta jikoni anapika soseji za damu. Nitakuandikia maneno yetu kama yalivyokuwa, maana nilipotoka niliyaandika kwenye daftari, ndivyo tulivyofundishwa.

Nikasema, "Asmundur, niambie tu kwamba hukuona."

"Nani amesema sikuona?"

"Basi ulijua ni Brynjar?"

"Mkwe wangu, unanionaje? Najua kondoo wangu wote kwa majina, nishindwe kumjua mlevi mmoja?"

"Kwa nini ulimkata?"

Akakoroga sufuria. "Alikuwa amelala mahali pa kondoo wangu."

"Hiyo si sababu ya kumkata mtu sikio."

"Kwako si sababu. Andika. Nilimwona, nilimjua, nilikusudia."

"Nikiandika hivyo utafungwa, mzee."

"Huko gerezani kuna kondoo?"

"Hakuna."

"Na nyumba ya wazee?"

"Hakuna."

"Basi ni mamoja. Lakini anayekwenda gerezani hurudi. Na hakuna anayemwita kipofu."

Alisimama pale na mwiko mkononi, kifua mbele, kama mtu anayesubiri kupewa nishani. Katika miaka kumi na tisa nimewabembeleza watu wakiri. Ni mara ya kwanza kumbembeleza mtu akane.

Brynjar mwenyewe hataki kushtaki. Lakini mkuu wa wilaya amesema kisu ni kisu, na anataka karatasi mezani kwake kabla ya tarehe 14. Kwenye fomu kuna visanduku viwili, ajali na makusudi. Nikiweka alama kwenye cha kwanza, anapoteza kondoo na nyumba. Nikiweka kwenye cha pili, ninamfunga babu wa mtoto wangu, mtu aliyenipa jeneza lake mwenyewe alilolichonga kwa miaka miwili, mama yako alipofariki barabara zikiwa zimefungwa.

Kwa hiyo nakuuliza mara ya pili, na safari hii nimevaa kofia ya polisi. Ulichoandika kuhusu gazeti ni kweli?

Ketill


Skardsel, 5 Oktoba 1971

Mjukuu wangu Sunneva,

Usishangae mwandiko. Nimeumia kidole gumba, kwa hiyo anayeandika ni Brynjar. Ndiyo, huyo huyo. Alikuja Jumatatu na mfuko wake, mama yake amemwambia asirudi mpaka watu waache kumwimbia barabarani. Analala kwenye chumba chako. Anakula kama farasi. Anaandika ninayomwambia na hatii neno lake.

Baba yako amekuja hapa na uso mrefu. Ni mtu mwema lakini sheria imemkausha. Mwandikie umwambie anikamate. Nimemkata Brynjar kwa kusudi, mchana kweupe. Nilimwona anaruka ukuta, nilimwona akijifunika, nikaona kofia yake nyekundu, nikasema moyoni, huyu lazima afundishwe adabu. Brynjar yupo hapa, anakubali. Amekubali kwa kichwa.

Wewe ulisema vizuri kuhusu vidole. Baba yako alinisomea. Umenitetea kuliko mwanasheria. Shikilia hapo hapo.

Hapa theluji imeshuka hadi nusu ya mlima. Yule jike mweusi mwenye paji jeupe amenenepa. Soma kwa bidii.

Babu yako,
Asmundur

Sunneva, hapa ninaandika mimi, Brynjar. Mzee ametoka kwenda bandani, anashika kamba niliyomfungia kutoka mlangoni hadi huko. Ananiambia kamba ni ya upepo.

Sikuwa na kofia siku ile. Niliipoteza mlimani siku moja kabla, nadhani ni hiyo nyekundu aliyowahi kusikia watu wanaitaja. Haoni, Sunneva. Haoni kalamu hii, haoni dirisha. Kidole gumba hakina jeraha lolote.

Nawe usidhani umekosea kuhusu vidole. Vilikuwa vimekufa kwa baridi. Alipokuwa ananishika vilikuwa kama vijiti vya barafu. Sidhani kama alikuwa anahisi kitu chochote, na nadhani hilo ndilo linalomtisha kuliko macho.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia baba yako wala daktari. Sikuwa nimelala. Nilikuwa macho. Mzee alipiga magoti, akanishika kichwa, akakiweka kwenye paja lake akanipapasa. Akasema, "Maskini mdogo wangu, mama yako alikuacha mlimani, na hakuna aliyekutia alama. Tulia. Sasa utakuwa na kwenu." Tangu samaki waihame pwani yetu na mashua yetu kuuzwa, hakuna aliyeniambia neno la namna hiyo. Nikatulia. Nilikiona kisu na sikuelewa ni cha nini, mpaka kikanifikia.

Ningesema neno moja tu angeacha. Sikulisema. Kwa hiyo kama lazima mtu afungwe, sijui ni nani.

B.


Laugholt, 9 Oktoba 1971

Baba mpendwa,

Nimemdanganya afisa wa polisi. Nimeandika sentensi hii ya kwanza ili nisiweze kurudi nyuma.

Babu hakusoma gazeti kiangazi hiki. Mimi ndiye niliyemsomea. Alikuwa amelishika mbele ya uso endapo mtu atapita dirishani, na mara mbili alilishika juu chini nikaligeuza. Kifungo nilishona mimi. Amekuwa haoni tangu mwaka jana, labda kabla. Zizini mwaka jana nilisimama karibu yake nikawa nasema kwa sauti, kama mtoto anayepiga soga tu, "Babu, huyu ni mweusi mwenye paji jeupe, Babu, huyu hana alama." Watu walidhani napenda kuongea. Mimi ndiye niliyekuwa macho yake, na mwaka huu nimekuja shule, na sikumwambia mtu yeyote kwamba ninaondoka nayo.

Nilidhani nikikaa kimya nitamwokoa. Kisha nikadhani nikisema uongo nitamwokoa. Nilipoisoma barua yako ya tarehe tatu niliona kwamba nimemsukuma kuelekea gerezani kwa hoja niliyoipitia mara tatu. Sikujua kwamba mtu anaweza kufanya jambo baya kiasi hicho kwa mwandiko mzuri.

Ninaambatanisha barua ya Babu pamoja na aliyoongeza Brynjar. Brynjar hakunipa ruhusa. Nimefikiri siku mbili. Mwishowe nilijiuliza: siku moja nikiwa polisi, na msichana wa shule akiwa na barua kama hii kwenye droo yake, ningetaka afanye nini?

Najua sasa utaweka alama kwenye kisanduku cha kwanza. Najua lori ni Jumamosi. Baba, waombe tu wamwulize Brynjar kabla ya kuamua. Sijui atasema nini. Waombe tu wamwulize.

Samahani.
Sunneva


Laugholt, 9 Oktoba 1971

Babu mpendwa,

Brynjar, soma barua hii yote kwa sauti, usiruke neno, hata pale linapokutaja wewe.

Babu, nimemwambia Baba kwamba huoni. Nimemwambia kuhusu gazeti na kifungo na zizi la mwaka jana. Nimempa pia barua yako, na ndani yake Brynjar alikuwa ameandika kwamba hakuwa na kofia yoyote, na kwamba vidole vyako vilikuwa vimekufa ganzi. Hakufanya hivyo kwa ubaya.

Utanikasirikia. Una haki. Lakini sikuweza kukuacha ufungwe kwa tendo ambalo hukulifanya. Wewe hukumkata mtu kwa chuki. Ulimwonea huruma mwanakondoo. Hilo watu wote walijue, hata wakicheka.

Kama kondoo watapanda lori, nitaomba ruhusa nije nisimame nawe. Kama hutaki nije, mwambie Brynjar aandike neno moja tu.

Mjukuu wako,
Sunneva


Eyravik, 18 Oktoba 1971

Mwanangu,

Nilijaribu kupata gari la kukuleta Jumamosi lakini njia ya mlimani ilifungwa kwa theluji. Najua ulisubiri.

Ripoti imekwenda. Ajali. Mkuu wa wilaya alipiga simu, akasoma ukurasa wa mwisho, kisha akauliza, "Ketill, aliyekatwa anaishi na aliyemkata?" Nikasema ndiyo. "Kwa hiari?" Nikasema, ndiyo, mheshimiwa, na anamsomea gazeti. Akasema hana sehemu ya kuandika jambo hilo, akakata simu. Kwenye waya nikasikia mtu wa tatu anapenga kamasi.

Baraza lilikutana Alhamisi shuleni. Walimwita Brynjar kama ulivyoomba. Alikuja hajanywa, amenyoa, bandeji imetolewa. Mwenyekiti akamwuliza, "Wewe, kijana, hata mama yako amekushindwa. Utaweza kukaa shambani majira yote ya baridi na mzee na kondoo?" Akajibu, "Sijui. Lakini nipo pale siku kumi na sijaondoka." Mmoja akasema kwa mzaha, "Ataondokaje na sikio lile?" Safari hii hakuna aliyecheka, na yule mtu akajitazama viatu.

Wameamua hivi. Kondoo ishirini na wawili wabaki, wengine waende. Babu yako abaki Skardsel mpaka masika ili mradi Brynjar yupo. Masika watatazama tena. Baada ya hapo hawaahidi kitu.

Jumamosi nilikwenda mwenyewe. Sikuvaa sare. Babu yako alisimama kwenye ubao wa kupandia lori kuanzia asubuhi. Alikataa glavu. Kila kondoo aliyepanda alimshika sikio, akataja jina lake, akamwachia. Thelathini na nane. Dereva alikuwa na haraka, lakini alizima injini akavua kofia, na ile mvua ya theluji ikamwangukia kichwani. Yule mweusi mwenye paji jeupe alibaki. Babu yako alimchagua wa kwanza.

Lori lilipojaa, nilimshika Babu yako mkono tukashuka. Uliandika kwamba lazima uzoee, katika barua yako ya kwanza. Hiki sijakizoea. Sidhani kama ningekuwa polisi mzuri zaidi kama ningekizoea.

Umefanya vema na umefanya vibaya, yote mawili katika mwezi mmoja. Mimi nilihitaji miaka mingi zaidi. Vaa soksi nene.

Baba yako


Skardsel, 24 Oktoba 1971

Sunneva,

Nilikaa siku tisa bila kukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Brynjar alisoma barua yako yote kama ulivyomwambia. Nilimwambia aiweke jikoni motoni. Baada ya siku tatu nilimwuliza kama aliiweka, akasema hapana. Nikamwambia aisome tena.

Nilikuwa na hasira kwa sababu ulisema ulichokisema. Kisha nikawa na hasira kwa sababu ilibidi ukiseme wewe, mtoto wa miaka kumi na minne, wakati mimi nina sabini na minane na nilikuwa na mdomo.

Kondoo waliobaki wamepanga mstari bandani kama watu kanisani. Kumekuwa kimya sana. Huyu Brynjar anasoma gazeti vibaya, anaruka matangazo ya vifo kwa sababu anadhani yatanihuzunisha. Anaunguza uji. Jana alinifuata mpaka kisimani akisema anakwenda huko kwa shughuli zake. Nilimwacha.

Nimemwomba radhi juu ya sikio. Nilikuwa sijamwomba, maana ningeombaje radhi kwa kitu nilichodai kukikusudia? Akasema si neno. Nikamwambia ni neno.

Njoo Krismasi. Nyama ya moshi inaning'inia tayari. Usije kunionea huruma na usije kunisimamia dirishani kama mlinzi. Kitu ambacho ungepaswa kujua kutoka kwangu, umekijua kwa kubeba gazeti langu na kuligeuza, na hilo halikuwa jambo la kumfanyia mtoto. Kwa hiyo nimelisema leo jikoni, kwa sauti, mara ya kwanza. Brynjar aliacha kuandika. Nikamwambia aendelee, aliandike kama nilivyolisema.

Sioni, Sunneva.

Babu yako,
Asmundur